Mlinzi wa Mti wa Jumatatu

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepewa kofia! Ya kijani, ukingo mgumu, mbele imeandikwa MLINZI. Na filimbi juu yake. Asante Mungu, asante serikali, asante mbuzi wangu Duchesse. Bila Duchesse kwenda kujikuna kila siku kwenye kile kichaka nyuma ya zizi, Mamzel Roussety wa ofisi ya misitu asingesimama kumpiga picha. Alikuja kupiga picha ya mbuzi, akaishia kupiga magoti mbele ya kichaka, analia. Nilidhani ameumwa na nyigu.

Kumbe ni Mti wa Jumatatu! Wa mwisho hapa Rodrigues. Na kwa kuwa hauoti kisiwa kingine chochote, ni wa mwisho duniani. Babu zetu waliumaliza kwa kuuchemsha: Jumapili ramu, Jumatatu chai ya majani yake ya kuzimua. Nami nilikuwa na wa mwisho duniani, nikianikia soksi.

Sasa umezungushiwa seng'enge. Mamzel amenieleza jambo moja la huzuni. Mti huu ni dume. Unatoa maua, hauzai. Ametafuta jike kila bonde, kila korongo, hakuna. Dume likifa, ndio basi, habari imekwisha. Lakini likipatikana jike, na mbegu zikapatikana, kitawekwa kibao kizuri cha mbao, na huenda kikaandikwa jina la aliyeuokoa mti. Mamzel alisema "huenda". Mimi nimelijaribu jina kwa mkaa kwenye mlango wa zizi. Théodule Casimir. Linapendeza sana.

Jirani yangu Ignace Meunier, sakristani wa kanisa letu, alichungulia juu ya ukuta wa mawe unaotutenganisha. Akasema kofia imenipwaya. Akasema pia mizizi ya mti imeingia upande wake. Wivu mtupu! Nimemshukuru kwa maoni yake.

Jumatano, 5 Novemba

Seng'enge si kitu mbele ya kichwa kinachogonga kwa ramu. Jana asubuhi upande mzima wa mashariki umenyonyolewa majani. Nimemkamata mzee Sylvio, mguu mmoja ndani, mmoja nje, suruali imenaswa. Akasema anatafuta kuku wake. Nikamuuliza tangu lini anafuga kuku. Akasema ndiyo sababu hamwoni.

Nimefikiri mchana kutwa. Nguvu sina, akili ninazo. Asante Mungu kwa akili.

Mpango: uvumi. Nimekwenda dukani kwa Madam Antoinise, nikainama, nikamnong'oneza, siri kubwa, asimwambie mtu: Mamzel amepima majani na kugundua kwamba mwanamume akiyanywa, ramu inamkinaisha maisha yake yote. Madam Antoinise akaweka mkono kifuani akaapa. Maana yake kufikia jioni kisiwa kizima kitajua. Sasa nione mwanamume atakayethubutu kuingia!

Ijumaa, 7 Novemba

Hakuna mwanamume aliyethubutu. Hata mmoja. Wamekuja wake zao.

Alfajiri! Foleni! Wenye makapu, wenye mikasi, mmoja na mto wa kitanda aliouondoa pamba. Mbele kabisa Madam Antoinise mwenyewe. Nikapuliza filimbi hadi masikio yangu yakaziba. Wakacheka. "Puliza, Théodule, puliza! Tunachuma kwa mdundo wako!" Kabla jua halijapanda, mti ulikuwa kama kuku aliyechovywa maji ya moto.

Nikarudi nyumbani kujifariji kwa chai. Chungu! Nikamtazama mke wangu Noëlla. Noëlla akatazama dari. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini nimemshukuru, maana anajali ini langu. Jioni nimeonja ramu kidogo kwa uchunguzi. Bado tamu. Asante Mungu.

Mamzel alipita. Nilijiandaa kukemewa, hata nikavua kofia. Hakunikemea. Aliushika mti pale majani yalipokuwa, akasema polepole kwamba wiki nyingine kama hii, umekufa. Kisha akaondoka. Angenipigia kelele ningefurahi zaidi. Nimekaa pale na Duchesse muda mrefu. Niliogopa, niseme wazi. Kitu kikae duniani tangu Mungu aumbe visiwa, kije kifie mikononi mwa Théodule mwana wa Casimir?

Jumapili, 9 Novemba

Nimepata dawa! Mti wa bandia.

Hesabu ni rahisi. Watu hawaibi mti, wanaiba kilichozungushiwa seng'enge. Basi niweke kichaka kingine mbele, kwenye njia, nikining'inizie onyo la serikali, wakinyonyoe hicho. Mti wenyewe niufunike kwa nyavu kuukuu na majani ya Duchesse, usijulikane.

Kichaka kipi? Mti wa ufagio wa Ignace. Zamani kila ukuta kijijini ulikuwa na mti wa ufagio, una majani membamba, ya kahawia, kama umekauka tangu kuzaliwa. Siku hizi watu wanafagia kwa plastiki. Umebaki huu mmoja, kwa ubishi wa Ignace. Kila Desemba, kabla ya kuchinja nguruwe wa Mwaka Mpya, anaukata hadi chini, anafunga fagio mpya, anafagia ua wake na ua wa kanisa. Marehemu mama yake alikuwa akifanya hivyo. Nikaona ninamsaidia. Mtu mzima kufagia kwa fagio za mama yake, si aibu?

Kanisani nimengoja Ignace ashike kapu la sadaka. Nikashika tumbo. Noëlla akanitazama. Nikakunja uso zaidi. Nikatoka.

Kuchimba kulikuwa kazi! Mizizi imeshikana na mawe ya ukuta. Na tawi moja refu lilikuwa limejipenyeza chini ya bati la banda la nguruwe, limetokea juu, huko lina mambo yake. Nikalivuta lote. Nilitaka kulikata lisiharibu umbo, msumeno ukavunjika mpini. Nikaudharau, nikaacha. Nikapanda, nikamwagia kikombe kimoja cha maji, nikatundika onyo. Nimerudi kanisani wakati wa baraka ya mwisho. Nimeipokea kwa moyo mkunjufu.

Kama mtu akiuliza mbona majani ni membamba, nitasema ni Mti wa Jumatatu uliokonda kwa huzuni.

Jumatatu, 10 Novemba

Hakuna aliyedanganyika. Watoto waliokuwa wakienda shule wameuliza kama serikali sasa inalinda fagio.

Kisha Ignace. Nilidhani atatukana. Kutukana ningemudu. Alisimama kwenye shimo upande wake, kofia mkononi, akasema mama yake aliupanda mti ule siku alipozaliwa yeye. Akauliza nimekosana lini na mama yake. Mama huyo, marehemu Rosemay, alinilisha mahindi na maharage mekundu utoto wangu wote. Sikuwa na jibu. Basi nikamjibu kwa ukali sana.

Tulikuwa tunapigiana kelele juu ya ukuta Mamzel alipofika. Akatwambia tunyamaze. Hakutwambia kwa sababu ya kelele. Alikuwa anatazama lile tawi refu, lililotoka juu ya bati. Kule juu, ambako kisu cha Ignace hakijawahi kufika, majani hayakuwa membamba. Yalikuwa mviringo, mabichi, yanang'aa. Majani ya Mti wa Jumatatu!

Mti wa ufagio na Mti wa Jumatatu ni mti mmoja. Mmoja! Mamzel alieleza. Ukiwa mdogo unajifanya mkavu, ili wale kobe wakubwa wa zamani wasiuone chakula. Ukivuka kimo cha shingo ya kobe, unavaa nguo zake halisi. Kobe tulishawala wote. Lakini sisi tukaukata kila Desemba, ukabaki mtoto miaka yote. Mkono wa kulia tunautafuta kwa ajili ya chai, mkono wa kushoto tunaufagilia ua. Mamzel mwenyewe akakumbuka ufagio ulioko ofisini kwake. Akakaa chini.

Akachungulia tena kwa kioo chake cha kukuzia. Kwenye tawi kulikuwa na vichomozo vya maua. Jike.

Ignace akajifanyia ishara ya msalaba. Mimi nikafungua mdomo niulize habari ya kibao. Ndipo Mamzel akauliza nani ameung'oa. Ignace akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Duchesse.

Akasema mizizi imekatika, ni Novemba, ardhi ni mfupa. Usipopata maji asubuhi na jioni, maua yatadondoka, kisha mti wote. Na jike lingine hakuna. Maji! Bomba letu halijakohoa tangu kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote.

Alhamisi, 13 Novemba

Majani yamelegea. Membamba yamelegea, mviringo yamelegea. Kichomozo kimoja kimedondoka. Nimekitia kwenye kasha la kiberiti, sijui kwa nini.

Nimeupa maji yangu ya kuoga. Hakuna aliyeona tofauti. Nimeupa maji ya Duchesse, naye kwa hasira amekula ukingo wa kofia. Nimepiga simu ofisi ya maji nikijifanya katibu wa Askofu, nikaomba maji ya dharura kwa ubatizo wa mapacha. Aliyepokea ni binamu yake Noëlla. Akaniuliza goti langu linaendeleaje.

Jioni Noëlla amerudi kutoka kwenye mwamba wa baharini kuchoma pweza kwa mkuki, miguu myeupe kwa chumvi. Huwa anaweka ndoo moja ndogo ya kujisuuza. Akaitazama ndoo. Akanitazama mimi, nimekaa mbele ya kichaka kama mtu aliyefiwa. Akaichukua, akaimimina yote kwenye shina. Amelala na chumvi yake miguuni. Ninaandika haya na ninaona aibu. Mungu alinipa mke huyu kwa kunionea huruma tu.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo nilikuwa na mpango mkubwa. Nilikuwa nitangaze kwamba Bikira amejitokeza kwenye majani ya juu, ukimtazama kwa kupinda shingo. Watu wangekuja, kila mmoja na maji kidogo ya sadaka. Nilikuwa nimekwisha kujifunza kulia.

Nikafungua mlango. Foleni! Ile ile ya Ijumaa, wanawake wale wale, ila sasa kwa ndoo na sufuria. Noëlla alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akisema ukweli. Sikuwahi kufikiria njia hiyo.

Madam Antoinise ameleta maji aliyooshea mchele. Mwingine maji ya maua ya kaburi la mumewe, akasema marehemu atavumilia, alizoea kiu. Mzee Sylvio ameleta chupa ya ramu imejaa maji, akaapa ni maji, tukanusa wote kwa zamu. Nilijaribu kuwashukuru, machozi yakatangulia. Madam Antoinise akasema usilie, baba, au basi lia, lakini lilia kwenye shina.

Wa mwisho alikuja Ignace. Alibeba pipa la maji ya nguruwe wake. Nguruwe wa Mwaka Mpya, yule anayemnenepesha tangu Pasaka! Akasema si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mama. Akamimina. Akakaa upande mmoja wa mti, mimi upande mwingine. Baadaye sana akasema kofia sasa inanikaa vizuri, mbuzi ameirekebisha. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sijui kama Ignace ni rafiki. Lakini amenifaa.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua! Wiki nzima! Na jike limechanua, maua machache meupe, mtu angeweza kuyapita bila kuyaona.

Mamzel amechukua unyoya wa jogoo wa Ignace, akagusa vumbi la maua ya dume langu, akalipaka kwenye maua ya jike lake. Nilijitolea kupuliza filimbi kuadhimisha. Alinikataza. Lakini aliniruhusu nishike tawi lisitikisike. Nililishika. Halikutikisika hata kidogo. Sijawahi kushika kitu vizuri namna ile maishani mwangu.

Jioni ngoma ya sega, nyuma ya duka. Wanawake wamenitungia wimbo! Jina langu, kweli, mbele ya watu wote: "Padri akisali, Théodule kaiba bibi harusi, hakumtaka yeye, kampeleka kwa mume." Wamerudia mpaka watoto wameujua. Noëlla ndiye aliyeongoza. Nikacheza. Ungefanyaje? Padri naye alikuwa anapiga makofi, akasema sasa ameelewa habari ya tumbo langu.

Jumamosi, 14 Machi

Matunda yameiva! Manne. Madogo, ya zambarau. Mwezi uliopita kimbunga kilipita, tukayafunga matawi kwa kamba za vitanda, Ignace akilala upande wake wa ukuta na mimi wangu, tunaitana kwenye upepo kuulizana kama bado yapo. Yapo! Asante Mungu, asante Ignace, asante kamba.

Leo Mamzel amezindua kibao. Kijiji kizima kimekuja, na tati, vile vikeki vya papai, na soseji. Nimenyoa ndevu. Akavuta kitambaa. "Mti wa Jumatatu. Jike limetunzwa na marehemu Rosemay Meunier." Chini yake: "Usiguse." Nikasoma tena. Nikazunguka nyuma. Nyuma kuna jina la seremala.

Moyo ulishuka, nisiseme uongo. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Nilikuwa najipanga kuondoka taratibu, Ignace akanishika bega. Mkononi alikuwa na ufagio. Ule wa mwisho, alioukata Desemba ya mwaka juzi, kabla hatujajua lolote. Hautakatwa mwingine tena, maisha. Akanipa mbele ya watu wote. Akasema mama yake angetaka nifagie zizi langu, kwani hata alipokuwa hai lilikuwa linamkera. Kicheko! Nikaupokea kwa mikono miwili. Nimelia. Nilisema ni vumbi la ufagio.

Mbegu Mamzel amezitia kwenye bahasha, kwenda kuzioteshea kitaluni. Zote, isipokuwa moja iliyoingia mfukoni mwangu. Iliingia yenyewe. Mfuko ulikuwa wazi.

Jumatatu, 16 Machi

Siku ya shukrani. Nimefagia zizi kwa ufagio wa Rosemay. Ukweli, unafagia kuliko plastiki.

Ile mbegu imo kwenye kiberiti, pamoja na kichomozo kilichodondoka. Nitaipanda peke yangu, mahali pa siri, kwenye matuta ya maboga ya Ignace, maana hayo humwagiliwa vizuri. Itaota, itakua, siku moja itahitaji kibao. Jina nimekwisha kulijaribu kwenye mlango wa zizi.

Ila lazima niilinde mapema. Miche yote ijayo, ya Mamzel na yangu. Watu ni wale wale na Jumatatu ni ile ile. Nikapata mpango, safari hii usio na tundu hata moja! Nimekwenda dukani, nikainama, nikamnong'oneza Madam Antoinise, siri kubwa: imegunduliwa kwamba chai ya Mti wa Jumatatu humfanya anywaye aseme kweli yote, hawezi kujizuia. Nimefikiri sana kabla ya kuchagua. Ramu, wake waliitamani ikome. Lakini kusema kweli? Kisiwa hiki? Nani atakayeitaka chai hiyo?

Narudi nyumbani, mchaichai wa mlangoni umekatwa. Duchesse, bila shaka. Nitamfunga.

Noëlla ameniletea chai kabla sijaomba. Mke wa aina hii wanaume wengine wanamwota tu. Ina harufu ya limau, tamu, si chungu hata kidogo. Pengine ndivyo yalivyo majani machanga ya Mti wa Jumatatu. Nimeinywa yote. Akaketi mbele yangu, akakunja mikono, akaniuliza kwa upole kama nina lolote la kumwambia kuhusu kile kiberiti.

Ulimi unawasha! Masikio yamepata moto, maneno yanapanda yenyewe. Mungu wangu, kumbe chai hii inafanya kazi kweli!